Babu yangu fundi wa korona (ya mkonge, siyo ule ugonjwa): kwenye wasifu waliandika "hakusoma", naomba nirekebishe hapa

mjukuu_wa_manamba:
Wakuu habari za humu ndani. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya tu, hakuna ugomvi.

Tumemzika babu yetu mwezi uliopita huku Korogwe. Kitambulisho chake kinasema kazaliwa 1928 ila mwenyewe alikuwa anasema aliyeandika alimkadiria kwa macho na kamuibia miaka kadhaa, kwahiyo tuishie hapo, alikuwa mtu mzima haswa. Watoto wanane, wajukuu hatujawahi kukubaliana idadi, vitukuu ndo usiseme. Sasa kwenye msiba binamu yangu mmoja akapewa kazi ya kuandaa wasifu wa marehemu, kaandika vizuri tu, kuzaliwa, ndoa, ubatizo, kaacha watoto wangapi, halafu kwenye elimu kaweka mstari mmoja: "Marehemu hakubahatika kupata elimu." Padri akaitikia kwa kichwa, watu wakaguna kwa huruma, tukaendelea na maradhi.

Mimi hilo sentensi limenikaa kooni mpaka leo. Siyo kwamba ni uongo, mzee kweli hakuwahi kukaa kwenye dawati hata siku moja. Ila yule mzee alikuwa anajua vitu aisee, na hakuna aliyemfundisha. Nimeona nisipoandika mahali wataamini ule mstari.

Nianze mwanzo. Mzee ni Muha wa Kasulu. Alikuja Tanga kama manamba, 1947 au hapo hapo, vita ya Hitler imeisha, hajaota ndevu vizuri. Wale SILABU, wakala wa wenye mashamba ya mkonge wa kuajiri vibarua, walikuwa wanazunguka Kigoma, Njombe, Songea, mpaka Ruanda-Urundi, wanaandikisha vijana. Unapewa blanketi, unapandishwa treni, halafu lori, na unashushwa Korogwe hujui hata upande upi ni kwenu. Wazee wa huku mnajua, mashamba yalikuwa yamefuatana kuanzia Korogwe, Hale, Muheza mpaka Pangani ambako Mjerumani aliotesha miche ya kwanza 1893 (iliyofika hai kutoka Amerika ilikuwa 62 tu, kwenye 1,000, hebu fikiria). Shamba alilofanya kazi babu jina naliacha kwa sababu kuna mambo ya mafao nitayagusa mbele na sitaki kesi.

Alianza kama kila mtu, kukata. Majani 30 unafunga mzigo mmoja, na mizigo yako inahesabiwa ndo kipande (kadi yako ya kazi) kiwekwe alama. Mwiba wa mkonge ulimchoma karibu na jicho, akahamishwa kiwandani kuzoa makapi chini ya korona. Hapo ndo maisha yake yalipogeuka.

Kwa wasiojua: korona ni ile mashine ya kukamua mkonge, imeanza na Wajerumani na jina lilikuwepo miaka mingi kabla ya yale mabarakoa. Jani linaingia upande huu na nyama yake, linatoka upande wa pili limebaki nyuzi, na katika jani zima unapata nyuzi kama asilimia 4 tu, kilichobaki ni maji na makapi yananuka dunia nzima. Ule mwaka 2020 kila mtu anaogopa babu alikuwa anatucheka, anasema mimi nimeishi na korona miaka thelathini na imenichukulia ncha ya kidole tu.

Nakuja na mwendelezo, acha nile kwanza.

Mama Wawili:
Pole sana mwaya. Mungu amlaze pema. Usikae sana kwenye hicho chakula tunasubiri.

kambi_ya_wangoni:
Mkuu umenikumbusha utoto wangu dah. Mimi nimezaliwa kambini kabisa, baba alikuwa upande wa brashi (mashine ya kusafisha katani ikishakauka). Ile harufu ya makapi ya korona asubuhi ukiisikia leo popote duniani unajua uko nyumbani. Na katani zimeanikwa kwenye waya zinang'aa nyeupeee ekari na ekari, tulikuwa tunachapwa tukikimbia katikati yake. Endelea.

mjukuu_wa_manamba:
Nimerudi.

Fundi mkuu wa kiwanda alikuwa Kalasinga mmoja, mkali, hakutaka mswahili ashike spana. Kazi ya babu, baada ya kupandishwa kutoka kwenye makapi, ilikuwa kupaka grisi na kumpa Kalasinga vifaa. "Lete nusu inchi." "Lete tisa kwa kumi na sita." Babu hajui kusoma hata moja, ila kalikariri begi zima kwa uzito na kwa mdomo wa spana. Baada ya muda akawa anajua kwamba tisa kwa kumi na sita ni kubwa kuliko nusu, na saba kwa kumi na sita ni ndogo kuliko nusu, na ukichukua nne kwa nane basi umechukua nusu ile ile. Yani yule mtu alijua sehemu kabla hajajua kuandika namba moja! Mimi darasa la nne mwalimu alinichapa sehemu hazipandi, nikaenda likizo, babu akamwaga spana kwenye gunia akaniambia zipange kutoka ndogo kwenda kubwa. Nilizipanga nusu saa. Sijawahi kukosea sehemu tena.

Halafu mashine za Mwingereza zilikuwa za inchi, za Mjerumani za milimita. Sasa spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, inaingia kabisa, ila inacheza kidogo. Fundi mzembe anaridhika, anavuta kwa nguvu, kichwa cha nati kinaviringika, mnaanza kutafuta patasi. Babu alikuwa na mifuko miwili tofauti ya turubai, ule wa inchi kaushonea uzi mwekundu, na ukichanganya spana ungejuta kuzaliwa. Kwenye hilo hakuwa na mjukuu wala mtoto.

Kusoma sasa. Marobota ya katani yalikuwa yanapigwa mihuri ya daraja kabla ya kwenda bandari ya Tanga: 1, A, 3L, 3, UG, SSUG. Babu akaanza kuuliza makarani, hii inaitwaje, hii je. Ndo zikawa herufi zake za kwanza, U na G na L na S. Hakuna kitabu cha darasa la kwanza duniani kinachoanza na SSUG! Karani mmoja alikuwa anapata Mambo Leo, jioni anawasomea watu wa kambi kwa sauti, babu anakaa nyuma yake anachungulia, sauti ikitamka kitu yeye anatafuta kwenye karatasi zile herufi alizozijua robotani, zile asizozijua anabahatisha katikati. Ilimchukua muda mrefu sana, mwenyewe hakuwahi kusema ilikuwa rahisi, alisema kichwa kilikuwa kinamuuma mpaka anasikia kichefuchefu.

Matokeo yake mawili yalibaki mpaka anakufa. Kwanza alikuwa hawezi kusoma kimya kimya, lazima atoe sauti, hata risiti ya umeme ataisoma kama anahubiri. Pili alikuwa anaandika HERUFI KUBWA TU maana mihuri ya marobota ilikuwa ya herufi kubwa. Baba yangu akiwa sekondari anapokea barua "MWANANGU NIMEKUTUMIA SHILINGI ISHIRINI USIZITUMIE OVYO", wenzake bwenini wanasema mzee wako anakufokea. Mngemuona WhatsApp mngemkimbia.

mwanakulipata:
Hii ni chai mkuu. Mtu hajui kusoma atatengenezaje mashine ya kiwanda? Enzi za mkoloni? Punguzeni kuwapamba wazee wakishakufa.

mjukuu_wa_manamba:
@mwanakulipata sijakukataza kunywa. Ila nikueleze alivyokuwa anafanya, wewe utapima mwenyewe.

Korona ina ngoma kubwa imefungwa visu butu, inazunguka kasi, chini yake kuna chuma kimepinda, jani linapita katikati. Siri yote iko kwenye lile pengo. Ukilibana visu vinakata nyuzi, katani inashuka daraja. Ukiliachia nyuzi zinatoka na nyama ya kijani, brashi inashindwa, katani inashuka daraja vile vile. Kalasinga alikuwa na kipimo chake cha vibati vyembamba na anaondoka nacho mfukoni. Babu akatafuta chake, akawa anakunja gazeti. Kila Kalasinga akimaliza kurekebisha na kuondoka, babu anaingiza gazeti lililokunjwa, anaongeza mkunjo mpaka linabana, anahesabu mikunjo. Alifanya hivo mara nyingi mpaka akajua mkonge wa kiangazi unataka mikunjo mingapi na wa masika mingapi, kwa sababu jani la masika limejaa maji, nene. Siku Kalasinga kaugua malaria na korona imesimama, meneja anapiga kelele, mkonge uliokwisha katwa unaozea kwenye trole, kijana wa grisi akasema mimi naweza. Akakunja gazeti mbele ya Mzungu. Ile siku katani ilitoka safi.

Na beringi alikuwa anazisikiliza. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye nyumba ya beringi, mpini anaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho. Nimemuona kwa macho yangu, uzeeni, kwenye mashine ya kusaga ya jirani. Akafumba macho weee, halafu akasema hii ya kushoto haimalizi mwezi. Jirani akapuuza. Mkimuuliza leo atawaambia.

Mwanzoni mwa miaka ya 50, bei ilipopanda kwa ajili ya vita vya Korea, babu ndo alikuwa fundi msaidizi wa zamu ya usiku. Cheo hakikuwa na jina hilo kwenye kipande chake lakini, kwenye mshahara aliandikwa mpaka grisi mpaka karibu na uhuru.

Kigoma Mwisho wa Reli:
Mkuu mimi ni Muha wa hukohuko Kasulu. Kwetu kuna ukoo mzima una babu mdogo aliyeenda "Tanga" akapotea. Alirudi huyu wenu? Maana wengi wamekufa huko wakiitwa majina ya watu.

mjukuu_wa_manamba:
@Kigoma Mwisho wa Reli hapo umegusa.

Alirudi mara moja. Alikuwa anaahirisha, mkataba ukiisha anachukua mwingine, halafu akampata bibi, Mbondei wa Muheza, wakaoana kanisani (Anglikana wa kwao Buha hawafukizi ubani, hawa wa kwetu huku ubani mwingi mpaka unakohoa, babu alisema siku ya harusi alidhani kanisa linaungua). Watoto wakaanza kuja. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa haziungani, zikaunganishwa 1963 kutoka Ruvu mpaka Mnyusi, babu akasema sasa hakuna kisingizio, nitapanda hapa Korogwe nishuke kwetu.

Kufika kwao, walishamfanyia matanga. Zamani kabisa. Mama yake alishafariki, na kuna mtoto wa kaka yake alishapewa jina lake kama la marehemu. Mzee alikuwa akisimulia hapa anacheka, kwamba yule mtoto alimkimbia akijua ni mzimu, ila bibi aliwahi kutuambia pembeni kwamba aliporudi hakuongea siku nyingi. Alirudi na yule mtoto mwenye jina lake na mdogo wake wa kike. Wote wawili walisoma kwa mshahara wa korona, pamoja na wanane wa kwake. Ndo maana nasema idadi ya wajukuu hatukubaliani, kuna upande wa ukoo ambao mpaka leo ukiwauliza wao ni watoto au wapwa wanakutazama kama umewatukana.

Nitumie PM jina la ukoo wenu, wazee wawili wa kutoka Kasulu aliokuwa anakaa nao kambini aliwataja taja sana.

Mama Wawili:
Jamani hiyo ya matanga imeniliza ofisini.

binti_mzigua:
Stori nzuri ila niulize swali la kichokozi. Hawa wazee tunaowasifia kusomesha, mabinti waliwasomesha? Au ni wanaume tu? Maana mimi bibi yangu alitolewa shule akalee wadogo zake, na babu yangu naye kwenye wasifu alikuwa "mpenda elimu".

mjukuu_wa_manamba:
@binti_mzigua siwezi kukudanganya. Shangazi yetu mkubwa alitolewa darasa la nne, bibi alikuwa amejifungua mapacha na hakuna wa kusaidia. Alikuwa ndo mwenye akili kuliko wote, hata baba anakiri. Na kwenye msiba shangazi alisema mbele za watu, bila hasira lakini bila kupaka mafuta, kwamba baba alinipenda sana na alinikatia shule. Kimya kikatanda pale. Mimi naona alisema sawa, na naona pia kwamba mzee alilijua hilo deni: mabinti watatu wa shangazi, mzee ndo alilipia wote, wa mwisho alimlipia kwa hela ya kutengeneza baiskeli akiwa hana kazi tena. Ila deni la mtu hulilipi kwa mwanaye, likaisha. Halijaisha. Shangazi mwenyewe alikuja kujua kusoma vizuri kwenye kisomo, na mwalimu wake alikuwa nani? Baba yake.

Hiyo ndo nilikuwa nataka kuifikia. 1970 Mwalimu Nyerere alipotangaza mwaka wa elimu ya watu wazima, kila kiwanda na kila kijiji kikatakiwa kiwe na madarasa, walimu hawatoshi, wakawa wanachukua yeyote anayejua. Babu akapewa darasa, kwenye banda la brashi, jioni baada ya zamu. Mtu ambaye hajawahi kuwa na mwalimu! Aliwafundisha kama alivyojifunza yeye, ubao wake wa kwanza ulikuwa ubavu wa robota. Kile kipindi cha redio cha Mtu ni Afya, 1973, alikuwa anabeba redio ya mkulima kwapani kwenda nayo darasani, wanasikiliza, wanabishana, kesho yake wanachimba choo. Vyoo vya kambi ile alivisimamia yeye.

Ulipokuja mtihani wa taifa wa kisomo 1975, akagoma kuwa msimamizi. Akasema na mimi nitafanya. Akakaa na wanafunzi wake kwenye mkeka, akafaulu hatua ya nne, ambayo ndo ilikuwa ya juu. Kuandika na kusoma na hesabu za kutumia. Shangazi anasema alipomaliza alikuwa anatoka jasho kama yuko kwenye boila. Sasa binamu yangu na wasifu wake, "hakubahatika kupata elimu"...

kambi_ya_wangoni:
Kweli tupu. Baba yangu kasomea kisomo banda la brashi, sijui kama ni hilohilo. Na nyie wa chai mmetulia sasa eeh.

mwanakulipata:
Nimetulia mkuu. Nafuta kauli kwenye gazeti. Ila mwisho wa kazi ilikuwaje, mbona umesema mafao?

mjukuu_wa_manamba:
Hapo sitakaa sana maana nikikaa nitakasirika. Mnajua historia, 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, tulikuwa tunaongoza dunia, halafu kamba za plastiki zikaingia, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, vipuri vikawa shida, pori likaingia kwenye mkonge. Babu na wenzake walikuwa wanachonga vipuri wenyewe, wanaua korona moja ili nyingine ipone. Mwishoni ikasimama. Waliambiwa warudi nyumbani watafuatwa na malipo, na walifuatwa na barua. Alihifadhi kila stakabadhi kwenye bati la biskuti, zote kapiga msitari chini ya tarehe, na hakuna iliyozaa kitu. Basi.

Akaanza upya uzeeni na baiskeli, pampu za visima, na zile injini za Lista za mashine za kusaga. Hapo ndo mimi namkumbuka.

Na nimalizie la bibi. Bibi alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa. Wajomba wakataka kumchukua mjini, babu akakataa, wakaitana majina. Babu akachukua rimu mbili za baiskeli, akazipandisha kwenye paa juu ya kitanda, akasokota kamba ya katani, mwisho mmoja kitanzi cha mkono mzima wa bibi, mwisho mwingine mfuko wa mchanga. Bibi akijiinua kidogo tu, mchanga unashuka, yeye anaketi. Mwenyewe, bila kuita mtu. Mchanga alikuwa anaupunguza na kuuongeza kila wiki kufuatana na bibi alivyokuwa anapata nguvu au anapoteza, kwa kikombe, na anaandika kwenye ukuta kwa mkaa: VIKOMBE KUMI NA MBILI. VIKOMBE KUMI NA MOJA. Alijifunza kupika ugali uzeeni kwa ajili hiyo, mbaya sana ule ugali, mgumu, bibi alikuwa anausema mchana kutwa na anaumaliza.

fundi_lista:
Mleta uzi pole na hongera kwa kumuandika mzee. Swali langu la kifundi: hizo spana za inchi bado zipo? Nina Lista ya zamani huku Handeni inanisumbua, mafundi wa sasa wanaivamia na za milimita wameshaniharibia nati tatu. Zinauzwa?

mjukuu_wa_manamba:
@fundi_lista zipo zote, mfuko wenye uzi mwekundu. Haziuzwi, kuna mjomba mmoja alitaka kuzipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na shangazi mkubwa amekwisha zichukua kaziweka chini ya kitanda chake, ukizitaka utapambana naye yeye. Ila kuazima unaweza, mtoto wake wa mwisho, yule wa hela za baiskeli, ndo anazitumia na anajua kazi. Njoo PM nikupe namba. Akifika kwako mpe bisibisi ndefu na uzime redio.